Minyoo Wasioachwa Hata Siku Moja

9 Machi

Bibi yangu, mke wangu wa kwanza na wa mwisho,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, siyo umeinama unasugua kitu. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naenda kazini. Baridi imeanza kupungua, na mwenye nyumba ametengeneza bomba la jikoni, kwa hiyo sasa linavuja upande mwingine. Msalimie mjomba, kama bado anapokea salamu zangu.

Najua nimechelewa kuandika. Tangu mlipomzika mama nimekaa mezani mara nyingi, nikaandika "Bibi", kisha nikaishia hapo. Simu huitaki, unasema inakupigia kelele sikioni, na kusema kweli nilifurahi kwamba huitaki.

Siku ile mjomba alipokushikia simu uliniuliza kwa nini siji kumzika mama. Nilikujibu haraka haraka kwamba nina minyoo na hawaachiki hata siku moja. Sasa nataka nikueleze vizuri, usije ukadhani nilikufanyia mzaha.

Minyoo wangu ni wadogo, ukiwatazama kwa macho utadhani ni vipande vya uzi mweupe. Wanazeeka na kufa ndani ya wiki chache, na misuli yao inachoka kama yetu. Watu wengine wakitaka kuiona misuli hiyo huipaka rangi, na mara nyingi rangi haiingii mpaka mnyoo afe. Sisi hatupaki kitu. Tunammulika kwa mwanga usioonekana, na nyuzi za msuli wake zenyewe zinaurudisha ukiwa wa kijani. Mnyoo kijana ana mistari ya kijani iliyonyooka. Akizeeka mistari inalegea, inakatika, inafifia. Tukimaliza tunamrudisha kwenye kisahani chake, na baada ya siku chache tunamtazama tena yule yule, mpaka mwisho wake.

Shida ni kwamba wanazaa ovyo. Hawahitaji hata mume, samahani mke wangu. Mtoto anahitaji siku tatu tu kulingana na mama yake kwa ukubwa, na hapo hata mimi siwezi kuwatofautisha. Kwa hiyo wakati wa kutaga, kila siku lazima nimchukue kila mama kwa ncha ya waya, nimpeleke kisahani kipya, watoto niwaache nyuma. Ukiacha siku kadhaa, hujui tena unamtazama nani.

Ndiyo sababu. Bado sijalia. Nikimfikiria mama ni kama ganzi ya daktari wa meno. Najua jino ni langu, ila sisikii kitu.

Mumeo


2 Aprili

Mume wangu,

Marahaba. Barua imefika ikiwa imekunjwa vibaya. Mimi nimepiga pasi shuka za hospitali mpaka nikastaafu, na katika chumba chetu cha kufulia mtu aliyekunja hivi alirudishwa nyumbani. Sisi hatujambo. Mjomba wako anakohoa, lakini anakohoa kwa hasira, siyo kwa ugonjwa. Jirani amepaka ukuta wake rangi ambayo sithubutu kuitaja, nimegeuza kiti changu nisiione.

Habari za minyoo nimezisoma mara mbili. Maisha yangu yote nimekuwa natoa madoa kwenye nguo za watu, leo mume wangu anajisifu kwa kutotia rangi. Sawa. Tumeoana vizuri.

Sasa nikuambie lililotokea siku ya maziko, maana wengine watakusimulia kwa namna yao. Kabla hatujatoka nyumbani, wifi yake mama yako aliuliza mbele ya watu wote: "Na huyo mtoto wake wa pekee yuko wapi?" Mjomba wako akatazama viatu vyake. Nikaona hakuna wa kukusemea, nikasimama. Nikawaambia mjukuu wangu ana kazi ambayo haiachiki hata siku moja, akiiacha imekwenda na maji. Nikawaambia unatafuta namna ya kuwasaidia wazee misuli isiwaishie, na kwamba mama yako mwenyewe ndiye aliyekuambia ubaki. Hilo la mwisho nililiongeza mimi. Tukatoka kwenda kuzika.

Mjomba wako alingoja mpaka tuliporudi. Akasema, "Mama, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Maneno hayo ananirushia mimi, si unaona, kwa sababu ni mimi niliyekulea mama yako alipokuwa kazini. Tangu siku hiyo hakutaji. Unaitwa Yule wa Minyoo.

Mimi nami silii. Nilimzaa, nikamfulia nepi, nikamvisha nguo yake ya mwisho kwa mikono hii hii, na watu wanasema Bibi ana moyo mgumu. Sina moyo mgumu. Nimekauka. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mimi ni mzazi, na nimekaa nausubiri.

Kwa hiyo fanya kazi, mume wangu, maana nimekuwekea jina langu rehani. Na uniambie: hao minyoo walifanya nini siku tuliyomzika? Nataka kujua kilichokuzuia kina sura gani.

Mkeo


20 Aprili

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimekunja barua hii mara tatu nikaipitishia kitabu juu yake, usije ukaniachisha kazi. Huku ni wazima. Bomba limeacha kuvuja lenyewe, mwenye nyumba anajipongeza.

Asante kwa kunisemea. Sikujua. Umeniuliza minyoo walifanya nini siku ile. Walitaga mayai. Umri ule hawana kazi nyingine.

Lakini nina habari nzuri, na nakuandikia wewe kwanza. Humu maabara niko na dada mmoja tunayemwita Kibiriti, kwa sababu anawaka haraka. Sisi wawili tuligawana kazi tangu mwanzo: yeye alitunza minyoo wanaokula chakula cha kawaida, mimi nikatunza wanaokula chakula kipya tulichokuwa tunakijaribu. Wale wake walipozeeka misuli iliharibika kama kawaida, mistari ikachanikachanika kama kitambaa cha zamani. Wangu, Bibi, wengi wao walikuwa na umri ule ule na misuli yao ilikuwa imenyooka, kijani kibichi, kama ya vijana.

Mkuu wa maabara alivuta kiti, akatazama, akawaita watu wa chumba cha pili. Picha zangu zitaonyeshwa kwenye mkutano mkubwa mwezi wa nane. Alinishika bega akasema, "Mama yako angejivunia." Nikasema asante. Wakati huo nilikuwa nafikiria kama nimezima jiko.

Nadhani nimefurahi. Kibiriti anasema uso wangu hauonyeshi.

Mumeo


15 Mei

Mume wangu,

Marahaba, na hongera. Barua nilimsomea mjomba wako akiwa anakula, ili asipate pa kukimbilia. Nilipofika pale pa mkuu wa maabara kuita watu, akaacha kutafuna. Akasema, "Kumbe." Wewe unamjua mjomba wako. Kumbe moja kwake ni hotuba.

Nimewaambia wote. Wifi yake mama yako nilimfuata mpaka kwake, nikajifanya nimepita tu. Nikamwambia kile kilichomzuia mtoto kuja kimezaa matunda. Alisema, "Basi mama yake apumzike." Jirani wa ukuta mbaya anataka chakula hicho kwa ajili ya magoti yake. Nimemwambia apange foleni nyuma ya minyoo.

Kwa hiyo nimepata usingizi kidogo. Nilikuwa natembea kwa watu kama mtu aliyekopa. Sasa nikipita wananisalimia wao kwanza.

Pasi yangu nimeigawa. Usiniulize kwa nini, nguo zisizopigwa pasi nazo huvaliwa.

Ila hujanijibu. Sikukuuliza minyoo walifanya nini ili nijue habari za mayai. Nilitaka kujua ulikuwa umekaa wapi, umeshika nini, saa ile tunamshusha. Kuna jambo jingine ninalo juu ya hilo, lakini sitaliandika. Nikiliandika halitafutika, na mimi najua ni madoa gani hayatoki.

Mkeo


30 Juni

Bibi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima. Huku joto limeanza.

Kazi inaendelea. Tunarudia jaribio lile tangu mwanzo, ni kawaida kurudia. Habari za mkutano nitakuambia.

Kwa nini umegawa pasi?

Msalimie mjomba.

Mumeo


22 Julai

Mume wangu,

Marahaba. Nimepokea barua fupi kama risiti. Nimeigeuza nyuma nikitafuta maneno mengine, sikuyakuta. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi masikio yangu ni mabovu kwa simu tu.

Haya, nitaanza mimi. Mkono wa kulia haunyanyuki tena. Ulianza mwaka jana, mama yako alijua, nikamkataza asikuambie. Daktari ameupinda, ameuvuta, akasema ni umri, misuli imekwisha. Ndiyo hiyo hiyo misuli yenu. Sikutaka ujue, usije ukadhani najipendekeza kwa minyoo wako nigawiwe chakula. Barua hii naandika mkono umelazwa mezani, nasogeza karatasi badala ya kalamu.

Mjomba wako amekuita "mpwa wangu" mara moja, tulipokuwa na wageni. Ilimponyoka. Alikohoa jioni nzima.

Sasa zamu yako. Mwezi wa nane ndio huo. Watu wananiuliza mkutano lini, na mimi natabasamu tu. Kama kuna jambo niambie mimi kabla sijalisikia kwa mwingine. Njia ya mwongo ni fupi, na yako inapita mlangoni kwangu.

Mkeo


9 Agosti

Bibi yangu,

Shikamoo. Pole sana na mkono. Nimeisoma ile sehemu nikaona aibu, maana ninalokuandikia linahusiana na huo mkono. Hakuna chakula cha kukusaidia. Hakijawahi kuwepo.

Tuliporudia jaribio, minyoo wangu walizeeka kama wa Kibiriti. Mistari ilikatika kwa namna ile ile, kwa wakati ule ule. Tukarudia tena, vile vile. Nikarudi kwenye picha za mwanzo, zile zilizowafurahisha watu. Kila picha nilikuwa nimeikata pembeni ibaki misuli peke yake. Safari hii nilifungua picha nzima. Ndani ya matumbo ya wale wazee wangu wenye misuli ya ujana kulikuwa na mayai, yamejipanga. Mnyoo wa umri ule alishaacha kutaga zamani. Mzee gani huyo ana mimba? Hawakuwa wazee, Bibi. Walikuwa watoto wao. Mama zao nilishawapoteza, na mimi nikaendelea kuwatazama watoto nikidhani ni wao.

Hiyo inatokea pale tu mtu anapowaacha siku kadhaa bila kuwahamisha. Na mimi niliwaacha.

Mjomba alipopiga simu kunipa habari, nilikuwa na waya mkononi. Niliuweka chini, nikatoka, nikarudi chumbani kwangu. Nikalala kitandani na koti na viatu. Nilipoongea na wewe nikakuambia hawaachiki hata siku moja, nilikuwa nimelala hapo hapo, na nilikuwa nimeshawaacha. Niliendelea kulala mpaka siku ya maziko ikapita. Sikula. Sikulia. Mpangaji wa chumba jirani alikuwa akiwasha mashine ya kufulia, nikawa nasikiliza inavyozunguka, ikisimama nasubiri aiwashe tena. Saa mliyokuwa mnamshusha mama nilikuwa nimeshika ukingo wa godoro. Umeniuliza nilishika nini, ndicho hicho.

Baada ya hapo nilirudi kazini nikaendelea kuhamisha minyoo wakubwa niliowakuta, na sikumwambia mtu kwamba sikuwepo. Nilidhani wako vile vile.

Ningeweza kuja, Bibi. Ruhusa ningepewa. Hakuna kilichonizuia. Nilishindwa tu kunyanyuka, halafu nikaona aibu kusema kwamba mtu mzima ameshindwa kunyanyuka, nikawasingizia wadudu. Nawe ukasimama mbele ya ukoo na uongo wangu mkononi.

Nimemwambia mkuu wa maabara kabla ya kukuandikia. Hakufoka. Picha zimeondolewa kwenye mkutano. Mkataba wangu unaisha mwezi wa kumi na mbili na sidhani utaongezwa. Kibiriti haongei nami, na ana haki.

Waambie watu unavyotaka. Ukiamua kutoniandikia tena nitaelewa.

Mjukuu wako


1 Septemba

Mume wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mkono uko vile vile.

Kwanza nikutukane, kwa sababu ni haki yangu. Mpumbavu mkubwa wewe. Umenipeleka mpaka mlangoni kwa wifi yake mama yako kujisifia minyoo wa bandia, na sasa itabidi nirudi kwa miguu yangu hii hii nikamwambie. Nitakwenda Jumamosi. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini aliyeyamwaga husaidia kupangusa, kwa hiyo utakuja kumsalimia mwenyewe. Basi, nimetukana, yamekwisha.

Sasa lile nililosema sitaliandika. Tangu tumzike mwanangu, mimi nilikuwa sikupendi. Nakuambia ukweli mtupu. Utani nilikuwa naandika kwa mazoea, kama mtu anavyokunja shuka huku anawaza mambo mengine. Kila nikifumba macho nilikuona umekaa kwenye kiti kirefu, macho makavu, mkono hautetemeki, unahamisha mnyoo mmoja baada ya mwingine wakati udongo unamwangukia mama yako. Nikawa najiuliza nimelea kitu gani. Nilisimama kukutetea ili watu wasije wakaona ninachokiona mimi. Baadaye ulipoandika kwamba kazi imefanikiwa nilishangilia kuliko wote, kwa sababu nilisema angalau kile kilichomfanya amtupe mama yake kimepata bei. Na yeye sikuweza kumlilia. Kila nikitaka kumlilia, nakukuta wewe umekaa katikati.

Kumbe ulikuwa umelala na viatu.

Nilipofika hapo nilikaa chini. Hizo ndizo habari nilizokuwa nazingoja tangu Februari, na sikujua mtu anaziombaje. Mjukuu wangu ameiacha kazi yake ikaharibika kwa sababu mama yake amekufa. Hata ungerudisha minyoo wote wa dunia utotoni usingeniandikia jambo zuri kama hilo. Kazi hiyo ife. Kwa hao waliokuamini nakupa pole, na huyo Kibiriti kamwombe radhi tena, lakini mimi usiniombe.

Nimelia. Nililia jikoni, kwa sauti, mpaka mjomba wako akaja mbio akidhani nimeungua. Nikampa barua. Unajua anavyosoma, kidole kinatembea chini ya kila neno. Alisoma amesimama, akafika mwisho, akarudi nyuma, akaweka kidole mahali pamoja akakiacha hapo. Nikadhani anatafuta la kukutukania.

Akaniuliza, "Na hakukuwa na mtu wa kumvua viatu?"

Nikamwambia hakukuwa. Akakaa sakafuni, mtu mzima yule, na tumbo lake lile, akaanza kumlilia dada yake.

Njoo nyumbani.

Mkeo